Mwalimu Aliyepima Kila Kitu

Ole wako umwambie kwamba kitu kimekufa. Hilo lilikuwa somo la kwanza kwa kila mwanafunzi wa Mwalimu wa Fizikia pale Kamachumu, kabla ya kanuni yoyote ya kitabuni. Ukimpelekea redio ukasema, "Mwalimu, imekufa," alikurudishia bila hata kuigusa. "Nenda ukaizike basi. Umeniletea maiti nifanyeje?" Ilibidi urudi ueleze upya: inawaka lakini haisemi, au inasema lakini inakoroma, au ilinyamaza jana baada ya mvua. Hapo ndipo alipovua saa yake, akaitia mfukoni, akavuta kiti. "Sasa tunaongea," alisema.

Sitampamba. Watu wa kwetu wakimkumbuka mtu humpaka mafuta mpaka hatambuliki, na mimi nina sababu zangu za kukataa. Nilimjua tangu nikiwa kidato cha kwanza, nikafanya kazi naye nilipokuwa mtu mzima, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nimemkasirikia. Hasira hiyo ninayo hata sasa ninapoandika.

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye koti moja la kijivu, na katika mfuko wa kifuani palikaa vitu viwili: kalamu, na ile bisibisi yenye taa ndogo ya kupimia umeme. Kalamu aliisahau mara nyingi. Bisibisi, kamwe. Alipokaribishwa nyumbani kwa mtu, kabla hajakaa, aliizunguka sebule akipima soketi. Mkewe, ambaye sisi sote tulimwita Mama, alikuwa akitazama chini kwa aibu huku mwenye nyumba akisubiri kumpa mgeni kahawa ya kutafuna. Kwenye harusi moja Rwamishenye aliuzima muziki katikati ya kuingia kwa maharusi, akapanda kwenye kiti, akaanza kukata waya wa spika. Bibi harusi alisimama mlangoni na shela lake, jasho likimtoka. Mjomba wa bwana harusi alikuja juu: "Mzee, hii ni harusi, si karakana!" Mwalimu hakugeuka. "Mngeungua wote na harusi yenu," alisema. Labda ni kweli. Lakini hakuomba radhi, na ni Mama aliyekwenda kupiga magoti kwa wenye shughuli.

Mjini Bukoba alikuwa na ugomvi wa kudumu na mzee mmoja Mhindi mwenye duka, mmoja wa wachache waliokuwa wamebaki. Mwalimu hakununua betri bila kuipima pale pale kaunta, kwa waya na balbu aliyokuja nayo mwenyewe. "Mwalimu," mzee alimwambia siku moja mbele yangu, "baba yako alinunua kwa baba yangu, hakupima." Mwalimu akamjibu, "Ndiyo maana tulikaa gizani." Mzee yule alicheka mpaka akakohoa, akamfungulia pakiti nyingine. Nadhani walipendana, kwa namna ya watu wawili ambao hawajawahi kusemeshana vizuri.

Kuhusu vita na Uganda najua alivyonisimulia Mama, kwa sababu Mwalimu mwenyewe hakusimulia. Ndege zilipotupa mabomu na watu wakakimbilia vijijini na magodoro kichwani, yeye alibeba redio. Jioni uani kwao palijaa watu wa kusikiliza taarifa. Lakini mtu yeyote akifungua mdomo akasema, "Mimi nasikia huko mpakani..." Mwalimu aliizima redio. Kimya. Watu wakalalamika, wakamsihi, naye akasema: "Chagueni. Tunasikiliza taarifa au tunamsikiliza huyu?" Kwake neno "nasikia" lilikuwa kama mtu kutema mate sebuleni.

Baada ya vita ukaja ugonjwa. Mwanzoni watu wa kwetu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichovuka mpaka na kuvaliwa na vijana wa biashara. Walikufa wafanyabiashara, kisha madereva, kisha walimu, kisha mtu yeyote. Vibanja vizuri vya migomba vilibaki na bibi mmoja na kundi la wajukuu. Na katika kila msiba palikuwa na mtu wa kunong'ona kwamba marehemu alilogwa, kwamba dawa imetoka kisiwani Bumbire, kwamba jirani fulani alionekana usiku.

Hapo ndipo nilipompenda mtu huyu. Tulikuwa tukimzika mwalimu mwenzake wa hesabu, na msemaji wa ukoo akaanza hadithi ya uchawi. Mwalimu wa Fizikia akasimama katikati ya watu, koti la kijivu, bisibisi kifuani, akauliza kwa sauti ya darasani: "Ni mchawi gani huyu anayeloga kando ya barabara ya malori tu? Mbona kule juu kusikofika gari haendi? Anachoka kupanda?" Watu waliguna. Mmoja akamtukana. Yeye akaendelea kueleza, pale pale kaburini, ugonjwa unapita wapi na haupiti wapi. Nilikuwa na dada aliyekuwa anaumwa wakati ule, na ndugu zangu walikuwa wakimzungusha kwa waganga. Dada alikufa bila mtu yeyote kumtamkia jina la kilichomuua. Kwa hiyo mtu aliyesimama na kulisema jina hilo mchana kweupe, kwangu alikuwa mkubwa kuliko padri.

Kumbe aliweza kulisema makaburini tu.

Kulikuwa na miaka ambayo alihamishiwa kufundisha Mwanza, Mama akabaki kwenye kibanja na watoto. Alikuja likizo na mikate na sabuni za kunukia, akarudi. Kisha akastaafu, akarejea moja kwa moja. Sisemi zaidi ya hapo kuhusu Mwanza, maana sikuwapo. Ninachojua ni kwamba baada ya muda alianza kukohoa, na alipoulizwa alisema ni vumbi la chaki. Alikuwa ameacha kushika chaki siku nyingi.

Mimi wakati huo nilikuwa karani wa kituo kidogo cha yatima pale Kamachumu, ambako wasichana walifundishwa kushona na kupiga chapa. Rafiki wa kituo kutoka ng'ambo alikuwa ametuletea kompyuta kuukuu yenye skrini nene, na baadaye akatuma kibodi na mausi visivyo na waya, navyo vimekwisha kutumika huko kwao. Havikuwa vya aina ya sasa. Vilikuja na kisanduku cha plastiki chenye kioo cheusi mbele, kisanduku kikaunganishwa kwa waya nyuma ya kompyuta, na kibodi ikakirushia mwanga usioonekana kwa macho, kama rimoti inavyoirushia televisheni. Kibodi yetu ya zamani ilikuwa imeliwa na panya. Wasichana walikuwa na mtihani wa kupiga chapa karibuni, na kitu kile hakikuandika hata herufi moja.

Nikamwita Mwalimu. Nilijua nisimwambie kimekufa. Nikasema: "Kompyuta inawaka. Inaandika kwamba haioni kibodi, halafu inatuamuru tubonyeze kibodi ili iendelee."

Akavua saa. "Aliyeandika maneno hayo nikimkamata," alisema, "atasimama kwa mguu mmoja mpaka jioni."

Alianza na betri. Zilikuwa zimetokwa na unga mweupe ndani ya kibodi, akakwangua vyuma kwa wembe mpaka vikang'aa, akaweka betri mpya alizozipima kwa balbu yake. Hakuna kitu. Akageuza kompyuta akakuta nimechomeka plagi vibaya, ya zambarau mahali pa kijani. Alinitazama kana kwamba nimeiba sadaka. Akazibadilisha. Hakuna kitu. Akasema kompyuta za zamani hazitambui kibodi ukiichomeka zikiwa zimewaka, lazima izimwe kwanza, kila kitu kichomekwe, ndipo iwashwe. Tukaizima, tukaiwasha, tukasubiri ikiguruma. Hakuna kitu. Akafunga madirisha, maana jua kali laweza kuuvuruga ule mwanga. Akanipigia kelele kwa kubadilisha vitu viwili kwa mpigo. "Kimoja! Unabadilisha kimoja, unatazama! Ukibadilisha viwili utajuaje kipi kimekusaidia?" Siku nzima ikaisha hivyo, na kesho yake akaja tena na hasira mpya, akiwalaani waliotutumia takataka zao na kuziita zawadi.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Nyumbani kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, makochi yana vyao, hata birika la chai. Mama alikuwa fundi wa vitambaa hivyo, alivishona kwa uzi mweupe na maua ya samawati pembeni, na zawadi ya ng'ambo ilipofika, alishona seti nzima kwa ajili ya kituo: kikubwa cha skrini, kirefu cha kibodi, kidogo cha mausi, na kingine kidogo kilichokaa kama kofia juu ya kile kisanduku cha kioo cheusi. Tulipoanza kazi tulifunua skrini, kibodi na mausi. Kisanduku hakuna aliyekifunua. Hakikuwa na cha kushika wala cha kutazama, na barabara yetu ina vumbi. Mwalimu mwenyewe, kila alipokagua waya wake, alikinyanyua kile kitambaa, akapangusa kisanduku, akakifunika tena vizuri, akanyoosha na pembe zake.

Mchana wa siku ya pili Mama alituletea ndizi na maharage. Alitembea polepole, na mkono mmoja alikuwa ameubana ubavuni. Mwalimu alikuwa akiitwanga kibodi kwa kidole kimoja na kuapiza. Mama akaweka chakula, akaviona vitambaa vyake vimechafuka, akaanza kuvikusanya akavifue. Akachukua cha skrini, cha mausi, akachukua na ile kofia ya kisanduku.

Herufi zikamiminika kwenye skrini. Mstari mzima wa herufi ile ile moja, halafu mwingine.

Mwalimu akaacha kutwanga. Akaitazama skrini, akamtazama mkewe, akakitazama kitambaa mkononi mwake.

"Nakifua tu, waitu," Mama alisema kwa woga, kwa neno letu la heshima. "Nimeharibu?"

Mimi nilikwisha kuanza kucheka. Nilidhani na yeye angecheka. Badala yake alimpokonya kile kitambaa, akakipiga chini, akafoka mbele yangu, kwamba nyumba nzima kaijaza matambara, kwamba kamfunika macho kwa nyuzi zake, kwamba siku mbili za kazi zimepotea kwa ujinga. Mama aliinama kukiokota, na alipoinama, gauni likavutika, nikayaona. Malengelenge, mstari mzima kutoka mgongoni kuja ubavuni.

Kila mtu mzima Kagera alijua malengelenge yale ya mkanda wa jeshi maana yake nini miaka ile.

Mama alipoondoka nilifunga mlango. Nikamuuliza Mwalimu kama ameuona ule mkanda. Akasema ni buibui. Kamkojolea usingizini.

Buibui! Mtu aliyesimama makaburini akawacheka wachawi wa watu. Mtu aliyezima redio kwa ajili ya neno moja. Nilimwambia, na sauti yangu ilisikika mpaka chumba cha kushonea: "Dawa zimefika Bukoba, Mwalimu. Watu waliokuwa wakibebwa sasa wanatembea. Lakini hupewi bila kupimwa. Mpeleke Mama akapimwe!"

"Mtoto usinifundishe nyumba yangu," alisema. Akavaa saa yake, akaondoka. Chakula hakukigusa.

Jumapili nilikwenda nyumbani kwao. Nilipiga magoti nikawasalimu inavyopasa, nikapewa kahawa nikatafuna, nikaongea habari za mvua na za senene. Kisha nikaomba ruhusa ya kumchukua Mama kwenda naye mjini. Mke wa mtu haondoki hivi hivi, na nilitaka itoke kinywani mwake. Mwalimu alisema Mama ana kazi. Nikasema nitamtafutia msaidizi. Akasema gari linamchosha. Nikasema tutakaa mbele kwa dereva. Alinitolea sababu baada ya sababu, yeye ambaye kwa mwanafunzi alikubali sababu moja tu, iliyo ya kweli.

Mama alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango wa ndani. Akasema bila kuinua sauti, akimwita mumewe baba kwa Kihaya: "Tata, nitakwenda. Wewe kaa. Mimi nitakwenda na huyu."

Sikuwahi kumsikia akimkatalia mumewe kabla ya siku hiyo. Mwalimu aliinuka, akatoka kuelekea migombani, tukamsikia huko akikata majani makavu kwa nguvu isiyohitajika.

Mama alipimwa, akakutwa na ugonjwa ule. Nilikuwa nimekaa naye nesi alipomwambia. Hakulia. Akasema kwa utulivu kwamba ni ile damu aliyoongezewa hospitali alipojifungua kitinda mimba, miaka ile damu haikuwa ikipimwa. Nesi alinitazama, nami nikamtazama nesi. Aliporudi nyumbani akamweleza mumewe hivyo hivyo, naye aliupokea ule mkasa wa damu haraka, haraka mno. Kwa mara ya kwanza hakuuliza swali lake la siku zote, "Umejuaje?"

Dawa zilimwinua Mama. Ndani ya msimu mmoja alirudi kulima, akanenepa mashavu, akaanza tena kushona. Nilipofika pale nilifurahi, halafu nikamwona Mwalimu kwenye kiti chake, mkanda wa suruali ameutoboa tundu jipya kwa msumari, na furaha ikanitoka. Nilimsema, alinifukuza. Nilirudi, alinifukuza tena.

Mara ya mwisho niliyokaa naye ilikuwa Bukoba, kwenye benchi la kliniki ile ile. Nilikuwa nimewapeleka watoto wa kituo, nikaliona koti la kijivu katikati ya foleni. Nikasema moyoni, ameamua, Mungu mkubwa, ameamua.

Nikamsogelea. Mkononi alikuwa na kadi ya Mama.

"Nimekuja kumchukulia," alisema. "Barabara ya Muleba inamchosha."

Alikuwa akija kila mwezi, kumbe. Alikaa pale wazi, mbele ya watu aliowafundisha, wengine wagonjwa, wengine wauguzi. Aibu haikuwa ndiyo iliyomzuia, maana aibu yote alikuwa amekwisha kuikalia kwenye benchi lile. Hapo ndipo hasira iliponipanda kuliko siku zote. Mlango wa kupimia ulikuwa hatua chache kutoka magotini pake.

"Ingia pale," nilimwambia. "Sasa hivi. Nitakushikia nafasi yako hapa."

"Mimi ni mzima."

"Wewe ni mzima? Mtu mzima anatoboa mkanda kwa msumari? Unataka kufa, kufa, lakini usinidanganye mimi!" Watu waligeuka. Sikujali.

Aliigeuzageuza ile kadi. Alipozungumza ilikuwa kwa Kihaya, na polepole, sauti ambayo sikuwahi kuisikia darasani wala makaburini. Alisema: "Nikionekana ninao, Mama atadhani wangu umetoka wapi? Atasema ni ile damu yake. Atasema yeye ndiye aliyeniletea nyumbani, yeye ndiye aliyeniua. Utamwona anaacha kula, anaacha dawa. Na ili nimzuie, itabidi nimwambie kwamba si yeye."

"Basi mwambie!"

"Siwezi."

"Mwambie ni wewe! Ni maneno mawili, Mwalimu. Ulimwambia ulimwengu mzima makaburini!"

"Siwezi, mwanangu," alisema. "Nimejaribu."

Nesi akaita namba yake. Akaenda, akapokea dawa za mkewe, akazitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga vifungo vyote. Aliniaga kwa kichwa tu na kwenda kutafuta gari. Sikumwitikia.

Alikufa kabla kahawa haijavunwa. Kwenye mazishi walisema ni kifua, na hakuna aliyesimama kuuliza kifua gani. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimekaa kwenye majani makavu ya migomba karibu na Mama, naye alikuwa akilia vile alivyosema mumewe kwamba atalia. "Mawe, mama yangu! Nimemuua mimi," alisema. "Ile damu yangu. Nimemuua mtu asiye na kosa." Uji waliomletea tangu asubuhi haukuguswa, na binamu yake alininong'oneza kwamba tangu jana amekataa kumeza chochote, hata vidonge.

Nilimsogelea mpaka mdomo wangu ukagusa sikio lake, nikamwambia. Yote, na benchi, na Mwanza, na kwa nini hakuingia mlango ule. Nilimwambia kwa hasira, kwa sababu hiyo kazi haikuwa yangu.

Mama aliacha kulia. Alilitazama sanduku la mumewe pale sebuleni. Waombolezaji waliendelea na nyimbo zao. Kisha akajipangusa uso kwa khanga, akauliza ni saa ngapi, akaomba maji ya kumezea dawa.